Pikipiki ya Mtumba ya Lami na Vumbi: Kagua Kwanza, Tuma Pesa Baadaye

Kila mwezi wateja wetu wengi wananunua pikipiki kwa simu. Pesa zinatoka kwa sekunde chache, lakini uamuzi wenyewe unataka siku kadhaa. Leo tunazungumza na wewe unayeishi kisiwani Mombasa na kazi yako iko nje ya lami. Tuseme unalala Kibokoni na unafunza shule iliyo ndani huko Kinango. Asubuhi unapita vichochoro vya Mji wa Kale, unavuka feri Likoni, unapanda Ng'ombeni hadi Kwale, halafu huko ndani lami inaisha na vumbi linaanza. Boxer ya kawaida itakufikisha, ila mvua za masika zikianza mambo hubadilika.

Pikipiki inayokufaa ni ile ndefu kidogo, yenye shokamzoba za kutosha, tairi ya mbele kubwa na taa na vioo vya kutembelea mjini. Mpya ni ghali, kwa hivyo wengi hutafuta ya mtumba. Na mtumba una mitego miwili: chombo kibovu na karatasi mbovu. Tuanze na chombo.

Ukubwa gani unatosha?

Kwa safari hii, injini ya 125 hadi 200 inatosha kabisa. Kubwa zaidi ya hapo itakusumbua kwenye foleni ya Digo Road na itakula mafuta bure. Majina utakayokutana nayo ni Yamaha DT125 na Honda XL za zamani, Yamaha XTZ125 na Honda XR150L.

DT125 ni ya injini ya kuchanganya oili na petroli. Ni nyepesi na ina nguvu, lakini ukisahau oili injini inakwama. XTZ125 na XR150L hazina mchanganyiko huo, zinapozwa na hewa na fundi yeyote wa mtaani anazielewa. XTZ125 ina rimu ya mbele ya inchi 21, nzuri kwenye mashimo na mchanga. XR150L ina ya inchi 19, nayo hutulia zaidi kwenye lami. Kiti cha XR150L kiko sentimita 82.5 kutoka chini, cha XTZ125 ni 84. Kama wewe ni mfupi, kalia kwanza. Kwenye feri utasimama na kusukumana na watu, na mguu usiogusa chini vizuri utakuangusha.

Uliza pia spea. Kabla hujaonana na muuzaji, pitia maduka mawili matatu ya spea uulize bei ya klachi, spoketi na kebo za muundo huo. Ukiambiwa "hiyo lazima tuagize," jua kila ikiharibika utapanda matatu kwa wiki nzima.

Chumvi ndiyo adui wa hapa kwetu

Mtu wa Nakuru akikagua pikipiki huangalia injini. Sisi wa pwani tunaanza na kutu. Hewa ya bahari na maji ya chumvi kwenye ngazi za feri hula chuma polepole, na rangi mpya huficha. Chukua tochi ya simu yako ufuate mpangilio huu:

1. Fungua kifuniko cha tangi umulike ndani. Unga mwekundu ni kutu, na utaziba kabureta kila mara.

2. Tazama chini ya kiti, mahali betri inapokaa, na viungo vya fremu karibu na usukani. Rangi iliyovimba kama lengelenge ina kutu chini yake. Ufa kwenye fremu ukiuona, aga uende zako.

3. Gonga spoku moja moja kwa spana. Iliyokazwa hulia, iliyolegea hunyamaza.

4. Kamata tairi ya nyuma uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, beringi au bushi zimekwisha.

5. Bonyeza foki za mbele mara kadhaa kisha pitisha kidole. Kidole kikitoka na mafuta, sili zimepasuka.

6. Tazama meno ya spoketi. Yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, cheni na spoketi zote mbili zinabadilishwa pamoja.

Injini iwe baridi

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Ikiwa tayari ni moto, huenda inakataa kuwaka ikiwa baridi, na hutaki kuligundua hilo saa kumi na moja asubuhi. Kwenye XTZ, XR au XL, moshi wa buluu usioisha ni dalili kwamba injini inakula oili. Kwenye DT moshi kiasi ni kawaida, kwa sababu inachoma oili yake.

Halafu iendeshe wewe mwenyewe, mwendo wa pole na wa kasi, lami na mahali pa mawe. Ikivuta upande mmoja ukilegeza mikono, huenda iliwahi kuanguka vibaya. Ukiweza, lipa fundi wako akusindikize. Asiwe fundi wa muuzaji.

Karatasi: hapa ndipo pesa hupotelea

Pikipiki nzuri yenye karatasi mbaya ni hasara kuliko pikipiki mbovu. Mbovu utaitengeneza, ya wizi itachukuliwa na polisi nawe ubaki na deni.

Omba logibuku na kitambulisho cha muuzaji. Linganisha namba ya chesisi, iliyochongwa shingoni mwa fremu karibu na usukani, na namba ya injini. Pitisha kidole juu yake. Pakiwa pamekwaruzwa au herufi hazijapangika, acha. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, upande wa NTSA, ufanye utafutaji wa namba ya usajili. Utalipa ada kwa simu na kuona jina la mwenye chombo. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na jina la aliyekopesha linaweza kuwa bado limo. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika, kuna pia sajili ya dhamana hizo, nayo inapatikana kupitia eCitizen. Deni la mtu mwengine lisije likakufuata wewe.

Sasa pesa

Utasikia maneno haya: "Ndugu yangu, kuna mteja mwengine yuko njiani. Nitumie hata elfu tano nikuwekee." Usitume. Anayekuwekea pikipiki ambayo hujaiona anaweza kuwa anawawekea watu kumi pikipiki hiyo hiyo.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Kutaneni mchana, mahali penye watu. Andikeni mkataba mfupi: majina, namba za vitambulisho, namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, bei, tarehe, na shahidi mmoja kila upande. Muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen mbele yako, nawe uukubali kwenye yako. Ukishauona, hapo ndipo unatuma pesa.

Kabla ya kubonyeza, soma jina linalotokea kwenye simu. Liwe lile lile la logibuku. Akisema "tuma kwa namba ya mke wangu, yangu ina shida," subiri shida iishe. Kama ni lazima kumlipa mtu mwengine, iandikwe kwenye mkataba na mwenye logibuku atie sahihi.

Wengi hudhani wanaweza kurudishiwa pesa wakati wowote. Ukikosea namba, unaweza kuomba muamala urudishwe, na uombe haraka kabla pesa hazijatolewa. Lakini ukimlipa mtu uliyekusudia kumlipa, halafu injini ikafa kesho yake, huo si muamala uliokosewa. Hayo ni maneno kati yako na muuzaji, na silaha yako ni mkataba ulioandikwa namba ya muamala. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na wewe muuzaji, usitoe funguo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe. Ujumbe wa uongo huandikwa na yeyote. Angalia salio lako mwenyewe.

Usimalize pesa zote

Bei ya pikipiki haiishii kwa muuzaji. Weka kando angalau sehemu moja kati ya tano ya pesa zako kwa tairi, cheni, oili, ada ya uhamisho, bima ya mtu wa tatu ambayo ni lazima kisheria, helmeti mbili na jaketi la kung'aa. Leseni yako pia iwe ya daraja la pikipiki. Ukiweka akiba ya shilingi 500 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 3,000. Wiki 40 zinakupa 120,000. Kati ya hizo, tafuta pikipiki ya 96,000, na 24,000 zibaki kwenye simu.

Ukishainunua, ioshe kwa maji baridi kila ukitoka feri, uipake cheni oili, na upunguze mwendo kwenye chuma cha ngazi kikiwa kimeloa. Na PIN yako, hata fundi wako unayemwamini asiijue.