Kimya cha Mdai na Kimya cha Mdaiwa: Ukusanyaji wa Madeni na Ufilisi wa Mtu Binafsi katika Sheria ya Uskoti

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna sheria ya Uskoti inavyomlinda mtu binafsi aliyeelemewa na madeni, na mahali ambapo ulinzi huo unakoma. Hoja kuu ni kwamba sheria hiyo huupa ukimya matokeo ya kisheria. Mdai akinyamaza, haki yake hupungua au hufa. Mdaiwa akinyamaza, hupoteza kinga zilizowekwa kwa ajili yake. Kwa hiyo ushauri wa madeni ni sehemu ya utekelezaji wa sheria yenyewe, wala si huduma ya ziada.

1. Utangulizi

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo inamfaa mwenye uwezo. Haimwambii lolote yule asiye na cha kulipia. Swali hilo ndilo linalojibiwa na sheria za ufilisi. Uskoti ni sehemu ya Ufalme wa Muungano, lakini ina mahakama zake na sheria zake za madeni, tofauti na zile za Uingereza na Wales. Mkazi wa Glasgow anayefuata mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya watu wa London anaweza kukosea katika jambo la msingi kabisa, yaani iwapo deni lake bado lipo.

2. Nani amebisha hodi?

Katika Kiswahili cha Tanzania neno dalali lina matumizi mengi: kuna dalali wa nyumba, dalali wa mnada na dalali wa mahakama. Anayeeleza sheria ya Uskoti kwa neno hilo moja huficha tofauti kubwa. Kampuni ya kukusanya madeni ni mfanyabiashara binafsi ambaye, tangu Aprili 2014, husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mienendo ya Kifedha. Inaweza kuandika barua, kupiga simu na kuomba malipo. Haina mamlaka ya kuingia nyumbani kwa mtu, kuchukua mali yake wala kuzuia mshahara wake.

Mamlaka ya kukazia hukumu yako kwa ofisa wa sherifu, ambaye ni mtumishi wa mahakama. Sherifu mwenyewe, katika mfumo huu, ni jaji. Ofisa huyo hutekeleza hati ya mahakama, na kabla ya kugusa mshahara humkabidhi mdaiwa amri ya kulipa yenye muda wa siku 14.

Mamlaka yake nayo yamepunguzwa. Kodi ya kichwa ilipoanza kutozwa Uskoti mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya Uingereza na Wales, wengi walishindwa au walikataa kuilipa, na tishio la kunadiwa vyombo vya ndani likawa suala la kisiasa. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kufuta minada hiyo, iliyoidhinishwa mwaka 2001. Sheria ya mwaka 2002 iliyofuata inataka amri maalumu ya sherifu kabla ya mali iliyomo ndani ya makazi kukamatwa.

3. Kimya cha mdai

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda ya Uskoti ya mwaka 1973, deni la kawaida la mkataba, kama mkopo au kadi ya benki, hufa baada ya miaka 5 ikiwa katika kipindi hicho mdai hakufungua madai mahakamani na mdaiwa hakulikiri deni. Neno hufa limetumika kwa makusudi. Nchini Uingereza, baada ya miaka 6, mdai hupoteza njia ya mahakama lakini deni lenyewe hubaki. Uskoti deni lenyewe hutoweka.

Barua na simu za mkusanyaji hazikatizi muda huo. Kinachoukatiza ni kesi, kukiri kwa maandishi, au malipo. Mdaiwa anayetoa pauni 5 katika mwaka wa nne, ili tu simu zinyamaze, huenda ameanzisha upya miaka mitano. Hata hivyo, deni ambalo mahakama imekwisha kulitolea hukumu hudumu miaka 20.

Mdai hubanwa na kimya chake pia katika mipango ya ulipaji. Katika Mpango wa Kupanga Madeni, mdai hupewa siku 21 za kujibu pendekezo. Asipojibu huhesabiwa kuwa amekubali. Mpango ukiidhinishwa, riba husimama, na ukikamilika riba hiyo hufutwa. Katika hati ya amana yenye kinga, inayohitaji deni la angalau pauni 5,000, wadai wana wiki 5 za kupinga. Hati hupata kinga isipokuwa wengi wao, au wenye theluthi ya thamani ya madeni, wameipinga.

4. Kimya cha mdaiwa

Upande wa pili ni mkali zaidi. Madai yasiyozidi pauni 5,000 hushughulikiwa kwa utaratibu rahisi wa mahakama, na asiyejibu anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa. Siku 14 za amri ya kulipa zikipita bila malipo, mwajiri anaweza kuagizwa kukata mshahara, na mdai hupata msingi wa kuomba mdaiwa atangazwe muflisi. Fedha zikizuiwa benki, pauni 1,000 hulindwa. Kiasi kinachozidi hapo humwendea mdai baada ya wiki 14 ikiwa hakuna aliyepinga.

Kinga dhidi ya hatua nyingi za namna hii ipo: mdaiwa akimwarifu Mhasibu wa Ufilisi kwamba anatafuta suluhisho, hatua hizo husitishwa kwa miezi 6. Lakini lazima aarifu. Vivyo hivyo, ufilisi wa njia fupi kwa mwenye kipato na mali kidogo humwondolea madeni mengi baada ya miezi 6, na ufilisi kamili kwa kawaida baada ya mwaka 1, ingawa michango kutoka kwenye kipato inaweza kuendelea kwa miezi 48. Njia hizi hazimfuati mtu nyumbani. Ni yeye anayepaswa kuziomba.

5. Hitimisho

Mtu aliyechoka kudaiwa huacha kufungua barua, na barua hizo ndizo zinazobeba tarehe za mwisho. Sheria ya Uskoti imelitambua tatizo hili kwa kiasi: tangu mageuzi ya mwaka 2014, mdaiwa hawezi kuomba ufilisi kabla ya kupata ushauri wa madeni, na sheria ya mwaka 2024 imefungua njia ya usitishaji maalumu kwa wenye maradhi makubwa ya akili.

Kwa washauri wa sera, funzo ni kuikagua kila kinga kwa swali moja: itafanya kazi iwapo mdaiwa hatasema neno? Kiwango cha pauni 1,000 benki hufanya kazi chenyewe. Usitishaji wa miezi 6 haufanyi. Kinga ya aina ya pili, isipotengewa fedha za washauri wanaozungumza lugha ya mdaiwa, itawafikia zaidi wale ambao tayari walijua pa kuuliza.