Aliyesimama kando ya njia aliona nini?

Jumapili ya tarehe 28 Septemba 2025 nilisimama kwa zaidi ya saa nne kando ya barabara ya mawe huko Nyamirambo, Kigali, nikisubiri waendesha baiskeli wapite. Walipita kwa dakika chache tu. Mara simu ikalia. Alikuwa mjukuu wangu, Nakuru, ambako stima zilikuwa zimepotea na televisheni kuzimika mashindano yakiwa yamenoga. "Babu, nani anaongoza?" Nikamjibu kwamba sijui vizuri. "Si uko hapo hapo?" Nilikuwa hapo hapo, jamani, karibu kiasi cha kurushiwa jasho. "Basi niambie ulichoona," akasema. Hapo ndipo mimi, niliyefundisha Kiswahili chuoni miaka na miaka, nilipoanza kubabaika.

Nieleze kwanza kilichonipeleka huko. Yalikuwa mashindano ya ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwa yamewahi kufanyika katika ardhi ya Afrika. Siku hiyo ya mwisho wanaume walikuwa na kilomita 267.5 za kuendesha, na ukijumlisha milima yote waliyoipanda unapata mita 5,475, katika mji ulio kwenye kimo cha karibu mita 1,500. Rwanda si mgeni katika mambo haya. Ina mbio zake za kuizunguka nchi, Tour du Rwanda, zilizoanza mwaka wa 1988. Watu wa huko wanajua kusimama kando ya njia. Mama aliyekuwa kulia kwangu alikuja na kigoda, mwavuli na chakula. Mimi nilikuja na daftari.

Mtazamaji wa mbio hizi ana uamuzi mmoja mkubwa, nao ni mahali pa kusimama. Siku ile kulikuwa na mzunguko mfupi wa kilomita 15.1 uliopita kwenye mwinuko wa Kimihurura. Huo ulirudiwa mara 15. Katikati ya mizunguko hiyo wakatolewa mara moja tu kuelekea upande wa pili wa mji, wakaupanda Mlima Kigali, wakateremka, kisha wakakutana na kipande cha mawe ambacho wageni hukiita ukuta wa Kigali. Mwenzangu mmoja, mtu wa hesabu, alikwenda Kimihurura akawaona mara 15. Mimi nilichagua mara moja.

Sababu yangu ilikuwa jina. Wenyeji hawapaiti mahali hapo ukuta. Wanapaita Kwa Mutwe. Msomaji wa Kiswahili haihitaji tafsiri ya hiyo "kwa". Ni ile ile ya Kwa Njenga na Kwa Jomvu. Tena Nyamirambo ni mtaa wa Kiswahili tangu enzi za ukoloni, wafanyabiashara Waislamu walipopewa makazi upande huo wa mji. Sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Rwanda ilipitishwa mwaka wa 2017, lakini Nyamirambo haikuisubiri.

Kipande chenyewe kina urefu wa mita 400 hivi, na katika kila mita 100 unapanda kama mita 11. Huu ndio ushauri ninaoweza kumpa anayetaka kufuata mbio za aina hii popote: simama penye mlima. Penye tambarare adui wa mwendesha baiskeli ni upepo, na anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Kwa hiyo wote husongamana, na wewe uliye kando utaona rangi na kusikia mvumo, basi. Mlimani mwendo hupungua na upepo hauna la kukinga. Kila mtu hubaki na miguu yake. Kundi hukatika vipande vipande, na unaweza kuona uso wa mtu, mdomo wazi, chumvi ya jasho imekauka mashavuni.

Hata hivyo, kuona uso si kuona mashindano. Helikopta ndiyo hutangulia, unaisikia kabla ya kitu kingine chochote. Kisha pikipiki za polisi, magari ya waamuzi, halafu wawili watatu wa mbele, halafu kimya. Halafu wengine. Yaliyotokea kabla hawajakufikia huyajui, na yatakayotokea baadaye utayasikia kwa watu. Mpira wa miguu huchezwa mbele ya macho yako mwanzo hadi mwisho. Mbio za barabarani hazina mtu anayeziona zote, labda wa televisheni, na televisheni ilikuja baadaye. Si ajabu basi kwamba Tour de France, iliyo mama wa mashindano haya, ilibuniwa na gazeti. Mwaka wa 1903 gazeti la L'Auto la Paris, chini ya mhariri Henri Desgrange, lilikuwa likitafuta wasomaji. Likaandaa mbio za vituo sita, kilomita 2,428. Watu 60 walianza, 21 wakamaliza, na Maurice Garin akashinda. Mkulima alimwona Garin akipita penye lango lake kwa nukta kadhaa, kisha akanunua gazeti ili ajue alichokiona. Nauza maneno gazetini mimi pia, kwa hiyo habari hii hunifurahisha.

Turudi Kwa Mutwe, simu ikiwa sikioni. Nilitaka kumwambia mjukuu kwamba kundi kuu limevunjika, nikakuta akilini nina "peloton". Nilitaka kumweleza kuhusu wale wanaojichosha makusudi ili kiongozi wao ashinde, nikakuta nina "domestique". Kifaransa kitupu, tena kwa mtoto wa darasa la sita.

Aliyeniokoa ni fundi wa baiskeli aliyesimama kushoto kwangu, mikono bado ina grisi, redio ndogo imebanwa begani. Aliniona nikigugumia, akasema, "Mzee, nipe niongee naye." Nikampa. Akamwambia mtoto, kwa Kiswahili chao cha Nyamirambo, kwamba Pogačar wa Slovenia amechomoka kule Mlima Kigali wakati bado kilomita zaidi ya 100. Kundi limekatika. Walio nyuma wanavutana, hakuna anayetaka kuwakingia wenzake upepo. "Hapa kwetu ananyonga kama hana mlima mbele," akasema.

Ananyonga! Mkenya akisikia kunyonga anafikiria shingo na kitanzi. Lakini Watanzania wengi husema kunyonga baiskeli, yaani kukanyaga pedali, na Kinyarwanda nacho husema kunyonga igare. Anayebeba abiria kwa baiskeli huitwa umunyonzi. Sisi tunasema "kuendesha", neno lile lile la gari, la kampuni na la mkutano. Neno linalobeba kazi ya miguu tunalo katika lugha yetu, ila tumelisahau upande huu wa mpaka. Na tusisahau kwamba bodaboda ilianza kama baiskeli, pale Busia, ikivusha watu kati ya Kenya na Uganda, kabla ya pikipiki kuiteka.

Usiku ule hotelini nilichukua daftari nikajaribu kuyapanga maneno. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kilikwisha kuyasimulia mashindano ya aina hii, miaka zaidi ya mia iliyopita, pale misafara ilipokuwa ikitoka pwani kwenda bara. Kundi kuu, linalokwenda pamoja na kulindana, ni msafara. Anayetangulia kuonyesha njia na kupima mwendo ni kirangozi. Kipande cha safari cha siku moja ni kituo, kama nilivyoandika hapo juu bila wewe kushtuka. Na yule anayerudi nyuma kwenye gari la timu, akajaza chupa za maji mgongoni na kuwapelekea wenzake, huyo ni mpagazi. Katika Kifaransa jina lake lina maana ya mtumishi wa nyumbani, na Desgrange alilitumia kama tusi mwaka wa 1911 dhidi ya mwendeshaji aitwaye Maurice Brocco. Naona mpagazi ni bora. Lina uzito wa mzigo, na halina dharau ile.

Najua kuna watakaosema kwamba nachimba makaburi, kwamba "peloton" ingetoholewa tu ikawa pelotoni na mambo yakaisha. Sina ugomvi na utohozi. Baiskeli yenyewe ni neno la kutoholewa. Lakini Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kunolewa na David Kinjah katika barabara za Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne, ingawa kwa bendera ya Uingereza. Mwaka wa 2013 alipovaa jezi ya njano hadi Paris, nilijaribu kumsimulia mke wangu mezani, na sentensi zangu zilikuwa nusu Kiingereza. Miaka 12 baadaye nilikuwa vile vile, hadi fundi aliponipokonya simu.

Pogačar alishinda, kilomita zaidi ya 60 za mwisho akiwa peke yake. Remco Evenepoel wa Ubelgiji akawa wa pili, Ben Healy wa Ireland wa tatu. Jioni stima zilirudi Nakuru, lakini mjukuu alipiga simu tena, akataka nimsimulie upya kwa maneno ya yule fundi. Nikamsimulia, nikiongeza msafara wangu na wapagazi wangu. Akanyamaza kidogo.

"Na hao wapagazi, walifika?"

Nikamwambia kwamba kati ya wote walioanza asubuhi, waliomaliza walikuwa 30 tu.