Msomaji wa Katikati: Riwaya ya Vijana na Mpaka wa Lugha katika Muktadha wa Kilimanjaro

Istilahi “fasihi ya vijana” hutumiwa kwa ulegevu. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mtu wa umri wa miaka 15 hadi 35, ilhali wahakiki huiambatanisha fasihi hiyo na ya watoto, kana kwamba msichana wa kidato cha nne na mtoto wa darasa la tatu husoma kwa haja moja. Makala haya yanashikilia kwamba pengo kati ya hadithi za watoto na riwaya ya watu wazima halikutokana na uchache wa waandishi. Limetokana na mahali ambapo lugha inabadilika shuleni, na Kilimanjaro, ambako makanisa na wazazi wamejenga shule nyingi za sekondari, ni mahali pazuri pa kulitazamia.

Msikilizaji aliye mlangoni mwa utu uzima si mgeni mlimani. Wachaga walikuwa na mafundisho ya vijana waliotahiriwa, yaliyotolewa kwa msaada wa mregho, yaani kijiti chenye alama za kuchongwa. Mmisionari wa Kilutheri, Bruno Gutmann, aliyafanya kuwa juzuu tatu kwa Kijerumani kati ya 1932 na 1938. Humo mzee husema na kijana husikiliza. Mgawanyo huo wa sauti haukufa jando lilipofifia, ulihamia kitabuni. Katika *Rosa Mistika* ya Kezilahabi (1971), msichana ndiye kiini cha kisa, lakini onyo linawaelekea zaidi wazazi. Hata hivyo riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, ishara kwamba walezi walimwona msomaji ambaye uhakiki haukuwa umempa jina. Riwaya pendwa za akina Hammie Rajab na Ben Mtobwa nazo zilimpokea msomaji huyo bila kumwita.

Elieshi Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro, anaonesha ukubwa wa tatizo. Mwaka 1989 yeye na Demere Kitunga walianzisha kampuni ya uchapishaji ya E & D. Kwa Kiswahili amewaandikia watoto, kwa mfano *Safari ya Prospa*. Lakini *Parched Earth* (2001), ambamo Doreen anasimulia kukua kwake hadi kuwa mwanamke, iliandikwa kwa Kiingereza. Si suala la mapenzi ya mwandishi peke yake. Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia shule za msingi za umma, na sekondari hutumia Kiingereza. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, uliimarisha vitabu vya Kiswahili upande mmoja wa mpaka huo. Tuzo ya Burt, iliyoanza nchini 2008 kwa ajili ya vijana hasa, ilidai miswada ya Kiingereza. Hivyo msomaji wa umri huo alipopewa jina rasmi na fedha za kumchapia, alipewa kwa lugha nyingine.

Itajibiwa kuwa somo la Kiswahili lina riwaya zake. Ni kweli, kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari walisoma *Watoto wa Mama N’tilie*, *Joka la Mdimu* na *Takadini*. Lakini ya tatu ni tafsiri kutoka Kiingereza, na zote zilisomwa kwa ajili ya kujibu maswali ya dhamira na wahusika katika mtihani. Kitabu cha kiada humkuta msomaji kabla hajakichagua. Ni mregho uliopigwa chapa.

Mada zenyewe hazikosekani. Kwa desturi ya mlimani, kihamba kilimwelekea zaidi mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati alitafuta ardhi kwingine, au alishuka Moshi mjini kutafuta riziki. Dada zao mara nyingi hawakuhesabiwa kabisa. Uamuzi wa kuondoka hufikiwa katika umri uleule ambao kijana hutumia Kiswahili nyumbani, kwenye daladala na katika barua ya mapenzi, huku akiandika insha kwa Kiingereza.