Je, Wajua? Kalamu za Arusha, Mitumbwi ya Kibirizi

Je, wajua kwamba Kigoma, mji wa dagaa, migebuka na mawese, una balozi ndogo mbili? Moja ni ya Burundi, nyingine ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa Tanganyika lina nchi nne, na wakubwa wa nchi mojawapo wakikorofishana, habari hufika mwalo wetu wa Kibirizi kwa mitumbwi kabla hazijafika redioni.

Wajua kwamba Muha wa Kasulu na Mrundi wa Makamba wanaelewana kila mmoja akisema lugha yake? Neno amahoro, yaani amani, halihitaji mkalimani huku kwetu.

Wajua kwamba upatanishi wa Burundi ulipita kando ya ziwa jingine kabla ya kufika Arusha? Rais Melchior Ndadaye alichaguliwa Juni 1993 na kuuawa Oktoba 21 mwaka huohuo, na vita vilivyofuata viliangamiza watu wapatao 300,000. Mwaka 1996 Mwalimu Nyerere aliviita Mwanza vyama viwili vikubwa vilivyokuwa havitazamani usoni, FRODEBU na UPRONA. Hawakuafikiana. Julai 25 Meja Pierre Buyoya akapindua serikali, na siku sita baadaye viongozi wa nchi jirani, wakiwa Arusha, wakaiwekea Burundi vikwazo.

Hapa ndipo Kigoma inapoingia, na kwa uchungu. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na tangu zamani mzigo wa Bujumbura unateremshwa kwenye behewa, unapakiwa melini, unavuka. Lango hilo likafungwa kwa ajili ya kumlazimisha Buyoya akae mezani. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999. Zinapotajwa gharama za amani ya Burundi, ni nadra kumsikia mtu akimtaja mpagazi wa bandari ya Kigoma, nami naona ni haki atajwe.

Wajua ni pande ngapi zilizoketi Arusha kuanzia Juni 1998? Kumi na tisa: vyama 17, serikali na Bunge. Mwalimu aliwagawa katika kamati, kila moja na mwenyekiti wake mgeni. Kamati ya chanzo cha mgogoro ilipewa Armando Guebuza wa Msumbiji, ambaye mwaka 2005 alikuja kuwa Rais wa nchi yake. Kamati ya usalama ilishikwa na padri wa Kiitalia kutoka jumuiya ya Sant'Egidio, Matteo Zuppi. Leo ni Kardinali, na ndiye ambaye Papa Francis alimtuma Kyiv na Moscow mwaka 2023. Pembeni walikuwapo wajumbe maalumu, Howard Wolpe wa Marekani na Aldo Ajello wa Umoja wa Ulaya.

Mwalimu hakuuona mwisho wake. Alifariki London Oktoba 14, 1999.

Wajua kwamba Nelson Mandela, alipopokea kazi hiyo, aliingia hadi ndani ya gereza la Mpimba, Bujumbura, mwaka 2000? Mtu aliyefungwa miaka 27 hakutaka kusimuliwa hali ya wafungwa. Alikwenda kuiona mwenyewe, akatoka akiilaani hadharani. Viongozi wa pande zote aliwakaripia mbele ya watu, jambo ambalo mabalozi wengi wasingethubutu.

Agosti 28, 2000, Arusha, mbele ya Mandela na Rais Bill Clinton wa Marekani, kalamu zikatolewa. Baadhi ya vyama vya Watutsi vilikataa kutia sahihi siku ile, vikaja kutia wiki chache baadaye. Lakini pengo kubwa lilikuwa la watu wasiokuwapo: makundi ya waasi ya CNDD-FDD na FNL, waliokuwa na bunduki. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lililogharimu zaidi. CNDD-FDD walitia sahihi Dar es Salaam Novemba 2003, na FNL Septemba 2006, pia Dar.

Na bado mkataba huo wa Arusha ulizaa jambo adimu. Walikubaliana kupokezana: Buyoya aongoze miezi 18, kisha Domitien Ndayizeye wa FRODEBU miezi 18. Aprili 30, 2003, Buyoya, aliyekwisha kupindua serikali mara mbili, alikabidhi ofisi kwa amani. Katiba iliyofuata iliwapa Wahutu asilimia 60 ya viti vya Bunge, Watutsi 40, Seneti nusu kwa nusu, na Watwa viti vitatu katika kila baraza.

Je, unaijua Kagunga? Kijiji cha mpakani, mlima mgongoni, ziwa miguuni, na wakati ule gari lilikuwa halifiki. Mei 2015, Burundi ilipochafuka kwa Rais Nkurunziza kutaka muhula wa tatu, makumi ya maelfu walijazana kwenye kipande kile cha mchanga. Kipindupindu kikaingia, kikaua zaidi ya watu 30. Meli ya Liemba, ile ile ambayo Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 na ikaibuliwa 1924, ilisimama mbali kidogo kwa sababu gati halikuwapo. Mitumbwi ya wavuvi ikawasogeza watu hadi ubavuni mwake: mtoto anapandishwa kwanza, kisha furushi, kisha mama. Kigoma walipokelewa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, halafu mabasi hadi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Na wajua nani aliitwa kupatanisha safari hii? Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa Tanzania siku ya sahihi za mwaka 2000. Alianza 2016. Alikutana na waliokuwa uhamishoni, aliwaomba waliobaki Bujumbura, aliitisha kikao baada ya kikao. Oktoba 2018, katika kikao cha tano Arusha, viti vya ujumbe wa serikali ya Burundi vilibaki vitupu. Wakati huo kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli bado zilikuwa zimejaa Warundi.