Mashine ya Shangazi na Kahawa ya Kwetu

Ukitaka kumtambua mtoto wa mkulima wa kahawa, tazama kikombe chake cha asubuhi: utakuta chai. Kwetu Kirinyaga tumechuma kahawa tangu nikiwa na kimo cha ndoo. Tunaipeleka kiwandani, inapimwa, tunapewa risiti, kisha tunarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Babangu amekuwa mwanachama wa ushirika kwa zaidi ya miaka 30, na kahawa pekee aliyowahi kuonja ni ile ya unga wa kopo. Basi shangazi yangu anayeishi Thika alipotangaza kwamba amevunja akiba yake ya chama ili anunue mashine ya kupika espreso nyumbani, tena kwa bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa, Baba alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Kwani amerogwa?"

Mimi nilikuwa kwa shangazi likizo nzima ya Agosti. Nilimwona akichagua, akikosea na akijifunza, ndipo nikaonelea niwaeleze wenzangu jinsi mashine hii inavyofanya kazi.

Espreso si aina ya mbuni, wala si jina la kampuni. Ni namna ya kupika. Maji ya moto, nyuzi kama 93 hivi, husukumwa kwa nguvu yapite katika unga wa kahawa uliosagwa laini na kushindiliwa. Waitaliano ndio walioianza. Angelo Moriondo wa mji wa Turin aliandikisha mashine yake mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akafuata mwaka 1901. Hizo za mwanzo zilitegemea mvuke. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Achille Gaggia alileta mashine ya mkono wa kuvuta na springi, na hapo ndipo lile povu la rangi ya hudhurungi lilipoanza kuonekana juu ya kikombe. Siku hizi pampu ya umeme ndiyo inayosukuma.

Dukani tulikuta aina mbili za mashine zenye kisagio ndani yake. Ya kwanza hufanya kila kitu: unabonyeza kitufe, inasaga, inashindilia, inapika na kutupa machicha katika sanduku lake. Ya pili inakusagia tu. Unga huanguka katika kichujio chenye mpini, nawe unaushindilia, unaufunga mpini mahali pake, unabonyeza. Muuzaji aliisifu sana ile ya kwanza. Shangazi akachagua ya pili, nami naona alifanya vyema, kwa kuwa kahawa ikiharibika unaona kwa macho imeharibikia wapi. Lakini kama nyumbani kwenu kuna watu sita na wote wanakimbilia kazini saa kumi na mbili asubuhi, basi ile ya kitufe itawafaa zaidi.

Kwenye sanduku kulikuwa na maandishi makubwa: "15 BAR". Usitishwe na namba hiyo. Espreso hupikwa kwa bar 9 hivi, yaani karibu mara 9 ya shinikizo la hewa tunalosoma katika fizikia. Hizo 15 ni uwezo wa pampu tu. Cha maana zaidi ni kisagio. Uliza kama kina visu vinavyozunguka kama vya blenda, au kina meno mawili ya chuma, moja la umbo la pia likizunguka ndani ya jingine. Visu hukatakata ovyo, hii punje nusu, ile vumbi. Meno husaga sawasawa, na nafasi kati yake hupunguzwa au kuongezwa kwa kuzungusha gurudumu lenye namba. Uliza pia hatua za gurudumu hilo ni ngapi. Zikiwa chache mno, utajikuta hapa ni laini kupita kiasi na hatua inayofuata ni chenga.

Jambo jingine ni stima. Yetu ni volti 240, ya Marekani ni volti 120. Jirani ya shangazi aliletewa mashine na ndugu yake kutoka huko, akaichomeka ukutani kwa adapta tu. Moshi! Adapta hubadilisha umbo la plagi, haibadilishi volti.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Baba alikuja Thika kwa shughuli zake, shangazi akaona ndiyo nafasi ya kumnyamazisha. Alikuwa amenunua pakiti ya kahawa iliyokaangwa, jina la Kirinyaga limeandikwa wazi. Akasaga, akashindilia, akabonyeza. Kikombe kilijaa upesi ajabu. Baba akaonja, uso ukajikunja.

"Hii ni kahawa au maji ya ndimu? Kama ndiyo hii tunayolimia, basi hao wanaoinunua wanatuonea huruma."

Alikiweka kikombe chini, hakukigusa tena. Shangazi hakujibu kitu. Nami niliumia, kwa sababu nilijua mwaka huo Baba alikuwa akizungumza na mama habari ya kung'oa mibuni ya upande wa mto apande avokado, na sasa alikuwa amepata ushahidi.

Kumbe kahawa haikuwa na kosa. Usiku ule tuliweka simu mezani itupimie sekunde, tukaazima mizani ndogo ya elektroniki anayotumia shangazi kwa keki. Tukapima unga gramu 18, tukapika tena. Gramu 36 za kahawa zilitoka kwa sekunde 11. Inatakiwa sekunde 25 hadi 30. Maji yalipita mbio kama mtu anayevuka barabara kuu. Maji yakipita katika unga wa kahawa huanza kuyeyusha ukali ule wa kindimu, baadaye utamu, na uchungu hukawia kutoka. Yakikimbia, huchukua ukali na kuuacha utamu ndani. Na kahawa yetu, hasa mbegu ya SL28 iliyochaguliwa katika Scott Laboratories miaka ya 1930, inajulikana duniani kwa ukali wake mzuri kama wa matunda. Ukiisaga vibaya, wema huo huo hugeuka ndimu.

Dawa yake ni kusaga laini zaidi ili maji yapate kizuizi. Tulipunguza hatua moja: sekunde 19. Tukapunguza mbili kwa pupa: ikadondoka tone, tone, na tulipoonja ilikuwa chungu kama mwarobaini. Tukarudi hatua moja. Sekunde 28. Shangazi alikunywa, akaniangalia, hakusema neno, akapika kingine.

Hapo nilijifunza mambo ambayo kijitabu kiliyataja juujuu. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: ukigusa gurudumu, usiguse uzito. Ukitaka kupunguza nafasi ya meno, zungusha gurudumu kisagio kikiwa kinasaga, la sivyo punje zilizokwama zitabana. Unga wa mwanzo baada ya kubadilisha ni wa kipimo cha zamani, utupe. Shindilia ukiwa umesimama wima, unga uwe tambarare, kwani ukiinama upande mmoja maji yatafuata upande mwingine. Na usinunue kahawa ya mwaka jana. Tafuta tarehe ya kukaangwa, uimalize ndani ya mwezi mmoja hivi. Usimimine punje zote kwenye kisagio zikakaa wiki, weka za leo na kesho.

Bomba la mvuke la kuchemshia maziwa lipanguse papo hapo kwa kitambaa kibichi. Maziwa yakikauka mle ndani ni kazi ya sindano. Maji nayo, kama ni ya kisima na birika lenu lina ukoko mweupe, ule ukoko utaingia pia katika mashine, kwa hiyo isafishe kwa dawa yake kila baada ya miezi michache.

Nisiwafiche na ubaya wa mashine hizi. Wiki ya tatu kisagio kilipiga kelele kama bati linalokwaruzwa, kikasimama. Tukachomoa waya, tukafungua, tukakuta kijiwe kidogo kuliko punje ya mahindi. Meno yalipona, lakini siku mbili tulizongoja fundi aje kuyapanga upya hatukunywa chochote. Ndiyo hasara ya kuunganisha: kimoja kikilala, chote kimelala. Mwenye nafasi jikoni na pesa za kutosha anaweza kununua kisagio peke yake na mashine peke yake. Shangazi hana vyote viwili, kwa hiyo siku hizi punje huchambuliwa kwenye sinia kama mchele.

Mnamo Disemba Baba alirudi Thika. Safari hii mimi ndiye niliyepika. Alikishika kikombe kama mtu anayepokea dawa, akaonja, akanyamaza, akaonja tena. Akauliza mle ndani mmeingia kahawa ngapi. Nikapima gramu 18 nyingine, tukazihesabu sote watatu mezani: punje 137.

"Kila tunda lina punje mbili," alisema. "Hiyo ni kama matunda 70. Kiganja na nusu." Akatazama kikombe, kisha mashine. "Niongeze kingine. Usitie maziwa."

Habari ya avokado hakuitaja siku hiyo.