Bunduki ya Mbweha wa Texas

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Hapa kwetu Ntinda hata bodaboda walikuwa hawajaanza kunguruma. Kwa mpwa wangu huko Texas ilikuwa saa mbili ya usiku uliotangulia, kashiba, kanyoosha miguu.

"Mjomba, nisamehe kukuamsha. Bosi anataka nitafute bunduki ya koyote. Wanamaliza mbuzi. Ninunue ipi?"

Alijua anampigia nani. Miaka 22 nilitunza ghala la silaha la askari wa wanyamapori: mwanzoni .303 za Waingereza, zilizochakaa vitako lakini zinazolenga vizuri, baadaye AK. Siku hizi nauza vipuri vya pikipiki. Yeye alikulia kwenye nyumba za askari, ndiyo maana mpaka leo tunaongea Kiswahili, lugha ambayo Kampala bado wapo wanaoiita ya wanajeshi na wezi.

Koyote ni nini? Ni binamu wa mbweha wetu, yule ambaye Waganda humwita ekibe. Ukienda Kidepo utamkuta mwenye mgongo mweusi. Kandokando ya Ziwa Mburo yupo mwenye mstari mweupe ubavuni. Huyo wa Mburo ana kilo 7 hadi 12. Koyote kwa kawaida ana kati ya 9 na 20, na manyoya yake humfanya aonekane mkubwa kuliko alivyo. Mwili wenyewe ni mwembamba. Sehemu ya kifua yenye moyo na mapafu, ambayo ndiyo unayotakiwa kuipiga, haizidi sana sahani ya kikombe cha chai.

Kabla ya bunduki nilimuuliza karatasi. Marekani bunduki zinauzwa dukani kama jembe, lakini mgeni aliyeingia kwa viza ya muda ana masharti yake, na asiye na ruhusa ya kuishi huko akishika hata risasi moja ni kosa la jinai la serikali kuu. Akasema kadi yake ya ukaazi wa kudumu anayo. Nikamwambia basi tuma picha.

Akatuma mbili. Ya kwanza nyeusi, ya kufyatua risasi moja kila ukivuta kidole bila kukoki, sura ya kijeshi kabisa. Ya pili ya kaliba ya .300 Magnum, ambayo rafiki zake walimwambia "inamaliza kila kitu". Sikumlaumu. Mtoto wa Kampala anaiona bunduki kila siku mlangoni mwa benki na supamaketi, mlinzi kaiegemeza gotini anakunywa chai. Anakua akidhani bunduki ni bunduki tu, na kubwa ndiyo nzuri.

Nikaanza na kaliba, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, basi. Haikuambii nguvu. Chukua .22 ndogo ya kupigia ndege na sungura, .223 Remington na .22-250. Risasi za zote tatu zina upana unaokaribiana mno, milimita 5.7 hivi. Lakini ile ndogo ina gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa mita kama 370 kwa sekunde. Ya .223 ina gramu 3.6 na hutoka kwa mita 980. Nguvu hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo .223 inabeba karibu mara 10 ya kile kinachobebwa na ndugu yake mdogo. Tofauti iko kwenye ganda la nyuma na baruti iliyomo. Ukimpiga koyote kwa .22 ndogo kutoka mita 100 atakimbia na jeraha akafie kichakani baada ya siku mbili, na huo si uwindaji.

Kisha kuna risasi yenyewe. Hapa sisi watu wa kambini ni wajinga wa hali ya juu, kwa sababu tumezoea aina moja. Mwaka 1899 mataifa yalikubaliana The Hague kwamba vitani zisitumike risasi zinazofunguka mwilini. Kwa hiyo risasi ya jeshi imevikwa koti la chuma pande zote mpaka ncha: inapenya moja kwa moja na kuendelea na safari. Ya uwindaji imeachwa wazi nchani, au ina tundu, au kincha cha plastiki. Ikigusa nyama inafunguka. Ile nyepesi ya kuwindia wanyama wadogo ina koti jembamba sana, inasambaratika humohumo ndani na mara nyingi haitoki upande wa pili.

Najua kwa nini jambo hili linanikaa rohoni. Mwaka mmoja, kwenye kijiji kilichopakana na hifadhi, mbweha alionekana mchana kweupe akiyumbayumba, mate yanamchuruzika. Kichaa. Askari wetu mmoja akampiga kwa AK kutoka hatua 60, na alilenga sawasawa. Gramu 8 za chuma zikapita kifuani kama sindano kwenye kitambaa, zikagonga jiwe, zikaruka, zikatoboa ukuta wa mabati wa jiko la mama mmoja na sufuria ya matoke iliyokuwa mekoni. Mwenye jiko alikuwa ametoka kuomba chumvi kwa jirani. Mbweha naye alikimbia hatua mia nzima kabla ya kuanguka. Jioni kazi yangu ilikuwa kuandika daftarini: risasi moja imetumika. Niliiandika, na mkono ulikuwa unatetemeka kuliko wa aliyefyatua.

Kwa hiyo nilimuuliza mpwa wangu: hapo shambani, nyuma ya mbuzi kuna nini? Akasema wako nje kidogo ya San Angelo, nchi ya vichaka na mawe, tambarare, nyumba moja hapa na nyingine kilomita mbili kule, na barabara. Na upepo? "Mjomba, upepo hauishi."

Kwa maelezo hayo .300 Magnum ikafa palepale. Ni bunduki ya paa wakubwa na masafa marefu; inakupiga bega mpaka unaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na anayefumba macho hapigi sahani ya chai. Kaliba za kufikiria zilibaki tatu. Ya .22-250, ambayo Remington waliiingiza rasmi kwenye orodha yao mwaka 1965 baada ya mafundi kuitengeneza wenyewe kwa miaka mingi, ina mbio kupita zote, zaidi ya mita 1,100 kwa sekunde, lakini inachoma koo la mtutu mapema na risasi zake ni ghali. Ya .243 Winchester, ya mwaka 1955, hubeba risasi nzito zaidi inayosimama vyema kwenye upepo, na kesho ukitaka kupiga paa inatosha. Ningekuwa mimi na pesa zangu ningeichukua hiyo. Lakini pesa ni za bosi, na kijana hajawahi kulenga kitu zaidi ya embe. Nikamwambia: .223.

Sababu si ubabe. Haina teke, risasi zake ziko kila duka, kwa hiyo atapiga mazoezi, na koyote wengi hupigwa ndani ya mita 200. Wawindaji wa kule huita kwa mlio wa sungura anayelia kwa maumivu. Koyote anakuja mwenyewe, akizunguka upande wa chini wa upepo ili anuse. Ukishailenga .223 sawasawa kwenye mita 200, mita 300 itashuka kwa karibu shibiri moja, na upepo wa ubavuni utaisogeza shibiri nyingine. Kwa hiyo zaidi ya mita 200, mwache aende.

Kuhusu bunduki yenyewe nilimwambia achukue ya kukoki kwa mkono kila risasi. Ile nyeusi si mbaya, na wawindaji wengi Marekani wanaitumia. Lakini mtu akijua ana nyingine 29 kwenye magazini, ile ya kwanza anaitupa. Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha. Asome maandishi kwenye mtutu: ulioandikwa .223 usilishwe risasi ya kijeshi ya 5.56 hata kama inaingia, kwa sababu chemba hazilingani na shinikizo linapanda. Ulioandikwa 5.56 hula zote mbili. Nimeona watu wazima wenye nyota mabegani wasioijua hiyo.

Akanibishia kidogo. "Si ulikuwa unatusimulia yule Mzungu wa Karamoja na tembo wake?" Kweli, nilikuwa nikiwasimulia. Bell, Mskoti, aliwinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, akaua ndovu zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi wao kwa 7x57, kaliba ambayo wenzake wenye mizinga ya mabega waliicheka. Lakini watu husimulia nusu. Nusu nyingine ni kwamba alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi kwa kila pembe, na kwamba alijizoeza kutwa nzima. Tena alitaka risasi yenye koti zima, ipenye mfupa. Kwa koyote unataka kinyume chake.

Najua wasomaji wenye mbuzi Lyantonde na Kiruhura wameshaanza kupiga hesabu. Ngojeni. Hapa kwetu mbweha ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haimpi mfugaji ruhusa ya kujiamulia. Haki ya kuwinda, inayoitwa daraja A, hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori pale Kira Road, Kamwokya. Uwindaji wa burudani ulifungwa mwaka 1979 na ukarudishwa kwa majaribio 2001 kandokando ya Ziwa Mburo, kwa vibali na wasimamizi. Bunduki nayo inahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya 1970. Na anayefikiria njia ya mkato ya sumu akumbuke kijiji cha Hamukungu, Aprili 2018: simba 11 walikufa kwa mara moja, wakiwemo watoto. Sumu haiulizi kaliba. Jenga zizi la miiba lenye kimo, funga mbuzi wanaozaa ndani usiku, fuga mbwa wawili wakali.

Hata mpwa wangu nilimwambia bunduki peke yake haitamwokoa. Wamarekani wamewaua koyote kwa zaidi ya miaka mia, kwa risasi, mitego na sumu, na wameenea zaidi kuliko walivyokuwa. Wafugaji wa Texas wana ujanja nilioupenda: wanaweka punda mmoja jike katikati ya mbuzi. Punda anachukia kizazi chote cha mbwa, anang'ata na kupiga mateke. Alicheka sana. Nikamwambia amshauri bosi anunue.

Wiki sita zikapita. Saa kumi na moja alfajiri, simu.

"Mjomba, alikuja! Mita 120, amesimama, kifua wazi."

"Ukampiga?"

"Nyuma yake kulikuwa na barabara. Taa za gari zilikuwa zinapita. Nikabaki namtazama kwenye darubini mpaka punda akamfukuza. Bosi kanuna mpaka sasa."

Nikamuuliza kama bunduki ameisafisha. Akasema haikufyatuliwa, ya nini kuisafisha. Nikamwambia vumbi la San Angelo haliangalii hilo, apitishe kitambaa, na asinipigie tena kabla ya saa moja asubuhi.