Wepesi wa Hedifoni na Haki ya Sikio

Mwezi wa Julai mwaka 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza Walkman, ile mashine ndogo ya kuchezea kaseti na ya kutembea nayo, iliiambatanisha na hedifoni za sifongo zenye uzito wa gramu 50 hivi, na tangu hapo msafiri akapata wasaa wa kusikiliza apendacho pasipo kumuudhi aliyeketi ubavuni pake. Leo uzito umezidi kupungua, na waya nao umeondoka.

Sauti sasa husafirishwa kwa mawimbi ya redio ya Bluetooth, ya gigahezi 2.4, ambayo huhama masafa hadi mara 1,600 kwa sekunde ili yasiingiliane na mawimbi ya vyombo vingine. Mawimbi hayo humezwa na maji, na mwili wa binadamu sehemu yake kubwa ni maji. Kwa hiyo simu ikiwa katika mfuko wa nyuma wa suruali, sauti huweza kukatikakatika uwanjani, ilhali chumbani hudumu, kwani kuta huyarudisha mawimbi yakalifikia sikio kwa njia nyingine. Dawa yake ni kuihamishia simu kwenye mfuko wa shati.

Lakini lililo kubwa zaidi ni hili: hedifoni nzito humchosha mvaaji akaivua, bali iliyo nyepesi husahaulika, ikavaliwa tangu alfajiri hata magharibi. Tena zile za sifongo hazizuii mngurumo wa daladala, basi abiria huongeza sauti kidogo kidogo hadi muziki uushinde, wala hatambui kiasi alichoongeza mpaka gari lizimwe.

Shirika la Afya Duniani limemwekea mtu mzima mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kila juma; na kila zinapozidi desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu, hata kwenye desibeli 92 zikabaki saa mbili u nusu tu. Ndani ya sikio zimo seli zenye vinyweleo laini mno, zipokeazo mtikisiko wa sauti na kuufikisha kwenye neva, nazo zikifa hazioti tena.

Basi anunuaye na achague zenye ncha za mpira zinazoziba vema tundu la sikio, ili makelele yapungue na sauti ndogo imtoshe, ila avukapo barabara azivue, asije akakosa kusikia honi. Na hesabu ya saa, ambayo zamani ilishikwa na shingo iliyochoka, sasa ni faradhi ya msikilizaji mwenyewe.